Maamkizi ya Kifaransa kwa Mwanafunzi Asemaye Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili asikiapo kwa mara ya kwanza Wafaransa wakiamkiana, huelekea kudhani kwamba watu wale ni wachache wa maneno. Mmoja husema Bonjour, wa pili hujibu Bonjour, na mara huingia katika shughuli iliyowakutanisha. Hapana habari za nyumbani, hapana habari za watoto, wala za kazi, wala za safari. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi ya kuulizana hali kwa taratibu, swali baada ya swali, ufupi huo waweza kuonekana kuwa ni ukavu wa moyo.

Dhana hiyo huzaa makosa ya namna mbili. Wanafunzi wengine huzitafsiri salamu zao neno kwa neno, wakamhoji Mfaransa wasiyemjua juu ya mkewe na watoto wake. Wengine hufikiri kwamba, kwa kuwa salamu ya Kifaransa ni fupi hivyo, basi yaweza hata kuachwa. Wakaingia dukani na kutaja moja kwa moja kile wanachokitaka. Kosa la kwanza humshangaza Mfaransa, naye husamehe upesi. Kosa la pili humchukiza, na aghalabu yule mwanafunzi huondoka bila ya kujua kwa nini amejibiwa kwa ukali.

Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba salamu ya Kifaransa ni fupi, lakini ni faradhi. Uzito wake haumo katika wingi wa maneno. Umo katika mahali inapowekwa, yaani mwanzoni kabisa, na katika uteuzi wa neno linalomtaja yule anayesalimiwa. Jambo hili si la wasafiri waendao Paris peke yao. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Katika nchi zote tatu Kifaransa ni miongoni mwa lugha rasmi, kama kilivyo katika visiwa vya Komoro. Mfanyabiashara wa Kigoma na karani wa Arusha waweza kukutana nacho bila ya kuvuka bahari yo yote.

Kazi ya salamu

Mwaka 1923 mtaalamu wa mila, Bronisław Malinowski, aliandika kwamba yako maneno ambayo hayasemwi ili kupasha habari, bali husemwa ili kuwaunga watu pamoja. Maneno ya namna hiyo hayapimwi kwa ukweli wake. Hupimwa kwa kuwapo kwake, maana yakikosekana, kimya huingia kati ya watu wawili na kila mmoja humtilia mwenziwe shaka.

Kiswahili chatoa mfano ulio wazi. Mgonjwa aliyelala kitandani akiulizwa "Hujambo?" hujibu kwanza "Sijambo"; na akiulizwa habari, husema "Njema", kisha ndipo aongezapo "lakini" na kueleza homa yake. Hapana amwitaye mwongo, kwa sababu kila mtu ajua kwamba jibu la kwanza ni la salamu, na la pili ndilo la habari. Mwenye kulifahamu jambo hili katika lugha yake amekwisha fahamu nusu ya maamkizi ya Kifaransa. Nusu iliyobaki ni kujua mahali ambapo Wafaransa wamepaweka mpaka kati ya hayo mawili.

Bonjour ni hodi ya mazungumzo

Neno Bonjour limeundwa kwa maneno mawili: bon, yaani njema, na jour, yaani siku. Maana hiyo ya asili, hata hivyo, haitoshi kuieleza kazi yake. Msemaji wa Kiswahili atalielewa zaidi akililinganisha na neno "hodi". Mtu haingii katika nyumba ya mwenziwe pasipo kupiga hodi, hata kama mlango u wazi na mwenye nyumba amemwona. Hali kadhalika, Mfaransa hataki aingiliwe katika mazungumzo pasipo Bonjour, hata kama yeye ni muuza duka aliyesimama pale kwa kazi hiyo hiyo ya kuulizwa. Kuuliza bei, njia, au saa bila ya neno hilo ni kuingia ndani bila ya hodi.

Mazungumzo katika duka la mikate huenda namna hii:

— Bonjour, Madame.
— Bonjour, Monsieur. Vous désirez ?
— Une baguette, s'il vous plaît.
— Voilà, Monsieur.
— Merci, Madame. Bonne journée.
— Merci, à vous aussi. Au revoir.

Katika mistari hii sita, mkate umetajwa mara moja tu. Mengine karibu yote ni adabu: salamu, jina la heshima, ombi la upole lenye maana ya "ikikupendezeni", shukrani, na dua ya kuagana. Basi si kweli kwamba Wafaransa hawana maamkizi. Wameyagawanya tu: machache mbele, machache nyuma, na shughuli katikati.

Hukumu hiyo yafuatwa dukani, ofisini, kwa mganga, na hata mtu apandapo basi na kumpita dereva. Mteja akiisahau, huenda muuza duka asimjibu swali lake, bali akasema kwanza "Bonjour!" kwa sauti ya kukaza, kisha akangoja. Huko si kusalimu. Ni kumkumbusha mgeni kwamba mlango haujafunguliwa bado.

Lipo jambo jingine linalotofautiana na desturi ya Waswahili. Katika Kiswahili, watu walioonana asubuhi waweza kuulizana tena habari za mchana, na jioni wakaulizana za kutwa. Wala hapana ubaya. Kwa Mfaransa, Bonjour husemwa mara moja kwa siku kwa mtu mmoja. Akiambiwa mara ya pili, hufikiri kwamba mwenziwe amekwisha sahau kuwa walionana. Wakutanapo tena hutabasamu tu, au kwa mzaha husema Rebonjour.

Siku, jioni, na upatanisho wa maneno

Bonjour hutumika tangu asubuhi mpaka alasiri. Kuanzia kama saa kumi na moja au saa kumi na mbili za jioni, Bonsoir huchukua nafasi yake, na neno hilo lafaa kwa kukutana na kwa kuagana pia. Bonne nuit si salamu ya kukutana. Huambiwa mtu aendaye kulala, kama vile "lala salama".

Mwanafunzi atatambua kwamba mahali pengine husemwa bon na pengine bonne. Jambo hili lisimtishe mtu ambaye lugha yake ina ngeli nyingi. Msemaji wa Kiswahili husema "usiku mwema" lakini "safari njema", wala hafikiri, kwa sababu sifa hupatana na jina. Kifaransa nacho hupatanisha, ila kina makundi mawili tu, la kiume na la kike. Voyage ni jina la kiume, kwa hiyo husemwa bon voyage. Nuit ni la kike, ndipo ikawa bonne nuit.

Hapa pana jambo zuri la kuangaliwa. Kifaransa kina maneno mawili kwa siku, jour na journée, na mawili kwa jioni, soir na soirée. La kwanza huitaja siku kama kitu kimoja kinachohesabiwa. La pili huitaja kama muda unaopita, pamoja na yote yatakayotendeka ndani yake. Wakati wa kukutana, siku hutajwa tu: Bonjour. Wakati wa kuagana, yule aondokaye hutakiwa heri katika saa zake zote zilizobaki: Bonne journée, au ikiwa ni jioni, Bonne soirée. Mwanafunzi anayeingia dukani akisema Bonne journée amekwisha aga kabla ya kufika.

Tu na vous

Katika Kiswahili, umoja na wingi wa nafsi ya pili aghalabu huhesabu watu: "hujambo" kwa mmoja, "hamjambo" kwa wengi. Heshima hubebwa na vitu vingine: Shikamoo na Marahaba, majina kama Mzee, Mama, Bwana na Mwalimu, na ule wingi wa maswali wenyewe. Katika Kifaransa, mzigo mkubwa wa heshima umewekwa juu ya nafsi ya pili. Tu ni ya mtu mmoja aliye karibu. Vous ni ya watu wengi, na pia ya mtu mmoja anayeheshimiwa au asiyejulikana.

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Roger Brown na Albert Gilman, walichapisha uchunguzi maarufu juu ya jambo hili katika lugha za Ulaya. Walieleza kwamba uteuzi huo huongozwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni cheo: mkubwa humwambia mdogo tu, naye huambiwa vous. Ya pili ni ukaribu: walio sawa na wenye kujuana huambiana tu, na walio mbali huambiana vous, wote wawili kwa usawa. Zamani nguvu ya cheo ilitawala. Katika zama hizi nguvu ya ukaribu imeishinda kwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu leo mkurugenzi na mfagizi wasiojuana huambiana vous kila upande. Hapa Shikamoo na vous zinaachana njia: Shikamoo hupanda kwa mkubwa na Marahaba hushuka kwa mdogo, lakini vous yaweza kwenda na kurudi vile vile ilivyo.

Uteuzi huo umewahi kuwa jambo la siasa. Katika Mapinduzi ya Ufaransa, hasa mwaka 1793, walikuwapo waliodai kwamba vous kwa mtu mmoja ni mabaki ya utumwa, na kwamba raia wote waambiane tu. Majina Monsieur na Madame nayo yalisukumwa kando, watu wakaitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia. Msomaji wa Tanzania atakumbuka neno Ndugu na kazi lililopewa katika miaka ya Ujamaa. Huko Ufaransa desturi ile haikudumu, na vous ikarudi. Lakini lugha haikusimama: mwaka 1966 Wakatoliki wa Ufaransa walipokea tafsiri mpya ya Sala ya Bwana ambayo humwita Mungu tu, ilhali ile ya kale ilimwita vous.

Kanuni ya kumfaa mwanafunzi ni nyepesi. Aanze na vous kwa kila mtu mzima asiyemjua, na tu aiweke kwa watoto, kwa jamaa, na kwa marafiki. Vijana wa rika moja, kama wanafunzi wa chuo, huambiana tu tangu mwanzo. Kutoka vous kwenda tu ni hatua inayotangazwa. Mmoja huuliza, "On peut se tutoyer ?", yaani "Je, twaweza kuambiana tu?", na yafaa aulizaye awe yule mwenye umri au cheo zaidi. Mwenye kuanza na vous mahali pasipohitaji huonekana mwenye adabu nyingi. Mwenye kuanza na tu mahali pasipofaa huonekana hana adabu hata kidogo. Kwa hiyo hasara za makosa hayo mawili si sawa.

Majina ya heshima

Bonjour peke yake ni halali, lakini Bonjour, Madame ni bora. Monsieur asili yake ni "bwana wangu", na Madame "bibi wangu". Maana ya "wangu" imekwisha sahauliwa na wasemaji. Kwa muda mrefu mwanamke asiyeolewa aliitwa Mademoiselle. Mwezi wa Februari mwaka 2012 serikali ya Ufaransa iliagiza neno hilo liondolewe katika karatasi zake rasmi, kwa hoja kwamba mwanamume haulizwi na karatasi kama ameoa. Mwanafunzi hatakosea akimwita kila mwanamke mzima Madame.

Majina ya ujamaa hayatumiki nchini Ufaransa kwa watu wasio jamaa. Mama mzee wa Marseille akiitwa maman na kijana asiyemjua hatajisikia ameheshimiwa. Atageuka kutazama ni mtoto gani anayeitwa.

Hali, mvua na jua

Baada ya mlango kufunguliwa, huja swali la hali. Kwa anayeambiwa vous husemwa Comment allez-vous ?, yaani "Mwaendaje?". Kwa mwenye kuambiwa tu husemwa Comment vas-tu ?, au kwa wepesi zaidi Ça va ?, ambalo karibu ni "Mambo yanakwenda?". Jibu la Ça va ? ni Ça va, kwa sauti inayoshuka badala ya kupanda. Msemaji wa Kiswahili hapati taabu hapa, maana yeye pia hutofautisha "Amefika?" na "Amefika" kwa sauti tu.

Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, swali hurudishwa: Très bien, merci, et vous ? Asiyerudisha swali huonekana kuwa hajali. Pili, swali hili huulizwa watu wanaojuana angalau kidogo, wala si kila muuza duka. Nalo likiulizwa katika kupita, halitaki hadithi ya maradhi. Lakini Ça va ? hiyo hiyo, ikisemwa kwa sauti ya huruma kwa mtu aliyejikwaa, ni swali la kweli, kama kusema "Hukuumia?".

Neno "pole" halina mwenzake mmoja katika Kifaransa, na hapo wanafunzi wengi hukwama. Kazi zake zimegawanywa. Mwenye kazi ngumu huambiwa Bon courage. Mgonjwa huambiwa Bon rétablissement, yaani apate nafuu. Mfiwa hupewa condoléances. Mwenye kumwambia Désolé mtu aliyejikwaa, akidhani amempa pole, huenda akaeleweka kuwa ndiye aliyemkwaza, maana neno hilo kwanza ni la kuomba radhi.

Ama kuhusu mazungumzo mepesi, hali ya hewa ni uwanja salama: Il fait beau, hali ni nzuri; Il fait froid, kuna baridi. Neno il katika maneno hayo halimtaji mtu wala kitu. Lipo kwa sababu kitenzi cha Kifaransa hakikubali kusimama bila ya mtangulizi. Chakula, likizo, na mapumziko ya mwisho wa juma pia hupokewa vyema. Mshahara, umri, na dini haviulizwi kwa mtu asiyezoewa.

Mikono nayo husema. Wafanyakazi wengi wamezoea kupeana mkono wafikapo kazini, na jamaa na marafiki hugusana mashavu kwa busu liitwalo la bise, ambalo idadi yake hubadilika kwa majimbo: mahali pengine moja, pengi mawili, kwingine matatu au hata manne. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, serikali iliwashauri watu waache yote mawili. Mgeni na angoje, aone mwenyeji atoa mkono au shavu.

Matamshi machache

Herufi r ya Kifaransa hutoka kooni, nayo yakaribiana sana na gh ya "lugha" na "ghali" kuliko r ya "rafiki". Aliyezoea kutamka gh barabara ana msaada mkubwa katika Bonjour na Bonsoir. Herufi ou ni u ya Kiswahili: vous husomeka kama vu. Lakini u ya Kifaransa, kama katika tu na Salut, sivyo. Ulimi hukaa kama kwa i, na midomo hukusanywa kama kwa u. Katika Bonjour, n haitamkwi kwa ulimi. Pumzi ya irabu hupitishwa puani. Herufi ya mwisho mara nyingi hunyamaza, kama t katika Salut. Lakini neno likifuatwa na irabu, yaweza kufufuka, kama t ya Comment katika Comment allez-vous?

Kuagana

Au revoir ni "mpaka tuonane tena". À demain ni "mpaka kesho". À bientôt ni "mpaka karibuni". Salut hutumiwa na marafiki kwa kukutana na kwa kuagana, nalo lina asili ya neno la Kilatini la afya na usalama, kama vile "salamu" na "salama" zilivyo ndugu katika Kiswahili. Adieu, yaani "kwa Mungu", latakiwa uangalifu. Kwa wasemaji wengi ni kuagana kwa mwisho, hata kwa kufa. Lakini kusini mwa Ufaransa na katika sehemu za Uswisi laweza kuwa salamu ya kawaida.

Kifaransa cha Afrika

Yaliyoelezwa hapo juu ni desturi ya Ufaransa. Lugha ikihama, adabu za wenyeji wake wapya huivaa. Huko Kongo, Papa na Maman ni majina ya heshima hata kwa asiye jamaa, na swali Et la famille ? hufuata salamu bila ya kumshangaza mtu. Katika nchi za Afrika Magharibi msafiri hupokewa kwa Bonne arrivée, neno lifanyalo kazi ya "karibu", ambalo mtu wa Paris halitumii hivyo. Ni makosa kuyaita maneno haya Kifaransa kibovu. Ni Kifaransa kilichofundishwa kuamkia Kiafrika.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana mizani miwili ya kutumia. Awapo Bukavu au Bujumbura, haraka ya Paris yaweza kumharibia. Awapo Paris, maswali ya Bukavu yaweza kumchelewesha. Lakini kote kote mambo matatu hayabadiliki: salamu itangulie haja, jina la heshima lifuate salamu, na vous ishike mahali pake hadi mwenyewe aiondoe. Mwenye kuyashika hayo husamehewa makosa mengi ya sarufi, ilhali mwenye sarufi timamu aliyeingia bila ya hodi hasamehewi upesi.